Mtazama Maji wa Mkongo

Katika madaftari yangu ya mto, ambayo sasa yanajaza kasha zima, neno maji limo katika lile la kwanza tu. Baada ya hapo halionekani tena. Juu ya safu za tarakimu nimeandika kimo, pengine nimeandika kina, na pengine nimeandika mto, basi. Anayesoma anaelewa ninachopima, kwa hiyo kwa miaka mingi hakuna aliyeuliza.

Aliyeuliza ni Mwingereza mmoja kijana, mhandisi, aliyenijia hapa Kibiti na barua ya serikali mkononi. Alikuwa ametumwa kutafuta hesabu za zamani za mto Rufiji, kwa kuwa wakubwa wake walikuwa na mipango yao huko juu. Nikamfungulia kasha. Akakaa mkekani kwangu tangu asubuhi mpaka adhuhuri akipekua, kwani kusoma herufi zetu alikuwa amefundishwa, na alipoinua kichwa aliniuliza hesabu hizi ni za bwana gani. Nikamwambia ni zangu. Akatabasamu kwa adabu, akarudia swali polepole, akidhani mimi ndiye nisiyesikia vizuri. Nina umri wa kuwa babu yake, na swali hilo nimeulizwa na watu wa kila rangi, lakini bado hunipandisha hasira. Nikaichukua kalamu mkononi mwake, nikaandika mstari mmoja chini ya ule wa mwisho, mwandiko uleule. Ndipo akauliza hilo la pili, kwa nini neno maji halimo.

Nikamjibu kwamba ni mazoea tu. Ulikuwa uongo, na tangu siku hiyo umenikalia vibaya kifuani. Ndiyo sababu naandika haya.

Mimi ni mtu wa Maparoni, huko deltani ambako mtoto hujifunza habari za maji kabla ya habari za watu. Kuna maji kujaa na maji kupwa, kuna bamvua yanayojaa sana na kuna maji mafu yasiyojaa, kuna ya chumvi yanayopanda na ya mto yanayoteremka, na mpunga wetu unaishi katikati ya hayo yote. Nilisoma chuoni, nikaweza kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Mwalimu wangu hakuwahi kunichapa kwa sababu ya mwandiko. Alinichapa kwa sababu ya kiburi, na sikusema alikosea. Nilipokuwa mtu mzima nikaandikwa kazi kwa Mdachi aliyesimamia ukataji wa mikoko. Tulimwita bwana wa mikoko. Kazi yangu ilikuwa kubeba sanduku lake.

Ndani ya sanduku mlikuwa na kopo la kukingia mvua, kioo chembamba chenye zebaki cha kupimia joto, na kamba yenye kipande cha risasi ya kupimia kina. Kila asubuhi bwana alivisoma vyombo vyake, akaandika, na mimi nilikatazwa kuvigusa. Wageni wakija aliwaambia mbele yangu, tena kwa Kiswahili ili nami nipate, kwamba Mswahili huhesabu mpaka vidole vya mikono, na vidole vikiisha akili nayo imeisha. Wageni wakacheka. Nami nilisimama na sanduku kichwani, nikijua kwamba tarakimu aliyoiandika asubuhi ile haikuwa sahihi, kwa sababu alikuwa amelitazama kopo kwa upande na si kwa kulikabili. Nilikuwa nimeyajifunza hayo yote kwa kumtazama tu begani.

Masika moja homa ikamlaza majuma mawili. Sikuagizwa na mtu. Kila asubuhi nilikwenda mwenyewe kwenye kopo, kwenye kioo na kwenye kamba, nikaandika katika daftari langu la chuoni. Alipoinuka akaona kurasa zake ni tupu, na akawa kama mgonjwa upya, kwani hesabu zile zilitakiwa kupelekwa kwao kila mwezi. Nikampa daftari langu. Kwanza alinizaba kofi kwa kuvigusa vyombo. Kisha akakaa, akaniambia nimsomee, naye akanakili kwa wino wake, tarakimu moja baada ya nyingine, mpaka majuma mawili yakaisha. Tangu siku hiyo mimi ndiye niliyepima, kituoni na katika vijiji vya mtoni alikonituma, yeye akanakili na kutia sahihi. Mvua niliyoipima mimi ilikwenda Ulaya na jina lake.

Nyumbani nako sikupata nafuu. Waliniita karani wa mvua. Wanawake waliokuwa wakifua waliniuliza, nikipita, leo Mungu kakutumia ngapi. Khatibu alimuuliza mama kama kumhesabia Mungu matone si kufuru. Baba wa binti niliyetaka kumwoa alisema hamtoi mwanawe kwa mtu anayeamka alfajiri kwenda kulichungulia kopo, na binti akaolewa na mchonga mitumbwi. Nilijifanya sijali. Nilijali sana.

Lakini aliyenicheka kuliko wote ni mjomba wangu wa Mkongo, kaka yake mama, ambaye ndiye aliyenilea baba yangu alipofariki. Alikuwa mtu mrefu, mkulima wa mpunga, na wa mahindi ya mlau, yale yanayopandwa topeni mafuriko yakishapungua. Mdomo wake ulikuwa mkali na watu walipenda kukaa naye kwa ajili hiyo. Mimi na yeye tuliitana mjomba, yeye kwangu na mimi kwake, kama ilivyo desturi ya huku.

Nilimpelekea nguzo ya mkoko, nikaisimika pale wanapofunga mitumbwi, nikaichonga alama tatu. Ya kwanza ni mto wa kawaida wa masika. Ya pili ni mto uliojaa mpaka kingo. Ya tatu ni mto unaotoka kwenda mashambani. Mjomba alinitazama nikihangaika na shoka, akaniuliza kama mto umelalamika kwamba haujui urefu wake. Akasema tangu dunia iumbwe maji huja Mungu akitaka. Nikamjibu kwamba Mungu akishataka, kutoka hapa hadi Maparoni huchukua siku tatu. Akakasirika. Alidhani namchezea, na kwa ajili ya kuniumbua akaamua kwenda kutazama mwenyewe.

Mto ulipogusa alama ya tatu alifunga mafundo matatu, fundo kwa kila alama, kwenye ukindu, ule wa kusukia mikeka, akampa mtu wa mtumbwi aliyekuwa akiteremka, akamwambia angoje deltani mpaka aone siku ambayo mashamba yatafunikwa. Mtu yule akarudi na jibu, kwamba mashamba yalifunikwa siku ya tatu. Mto ukashuka, ukapanda tena, na mjomba akafanya vilevile mara ya pili. Jibu likawa lilelile. Ndipo akateremka Maparoni yeye mwenyewe, akafikia kwa mama, akala wali wake, akanawa, kisha akanigeukia.

“Mjomba,” akasema, “hizo siku tatu zako ni kweli.”

Nimefanya kazi hii muda mrefu na nimepewa vyeti viwili na serikali. Hakuna sifa iliyonikaa moyoni kama hiyo.

Baada ya hapo alikuwa na wazimu wa kazi. Alikwenda kwenye nguzo asubuhi na jioni. Aliwafukuza watoto waliotaka kufungia mbuzi pale. Fundo moja, mawili au matatu, ukindu wake ulinifikia kwa kila mtumbwi ulioteremka. Taabu ni kwamba watu wa deltani hawakuujali. Niliwaonyesha mafundo, wakasema mjomba wako anasuka mkeka. Mjomba akaniambia kosa ni langu, watu hawaamini majani, watu wanaamini karatasi, na kama nimesoma kweli niwaandikie. Nikakaa nikaandika karatasi ndogo kadhaa, zote maneno yaleyale, nikamwachia azitume mto utakapofika alama ya tatu. Nayakumbuka maneno hayo na herufi zake:

Maji yamepanda. Yanakuja kwenu. Siku tatu. Jiwekeni tayari.

Masika iliyofuata alizituma. Khatibu yuleyule akaisoma moja msikitini baada ya sala, na kwa kuwa ilikuwa karatasi, tena yenye herufi za Kiarabu, watu walisikiliza. Wakapandisha mbegu na kuku madunguni, vile vibanda vyetu vya juu ya miti mashambani. Siku ya tatu mto ukaingia. Mbegu hazikupotea. Walionicheka walinijia kunisalimu kwa mikono miwili, na mimi, kwa kile kiburi nilichochapwa sana chuoni, nilijiona nimeshamaliza safari.

Karatasi moja ilibaki. Nilikwenda Mkongo mvua zilipokwisha, nikamkuta mjomba ameishonea ngozi na kuivaa mkononi juu ya kiwiko, pamoja na hirizi zake nyingine mbili. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikamwambia ile si dua wala aya, ni habari ya mto tu, haimkingi mtu na kitu.

“Hizo nyingine sijui zinasema nini,” akanijibu. “Hii naijua.”

Nikaiacha. Nilikuwa na kisu kiunoni, ningeikata siku ile tukaendelea na mazungumzo yetu.

Kiangazi cha mwaka huohuo zikaanza habari kutoka milimani kusini, kwamba kuna dawa, kwamba ni maji, na kwamba mwenye kuyapata risasi ya Mdachi ikimpiga itageuka maji nayo. Watu wa mtoni wakaanza kwenda kuyachukua, makundi kwa makundi. Wengine walikuwa majirani zangu, na siwezi kuwalaumu. Tulikuwa tumelimishwa pamba ya jumbe kwa kiboko mpaka mashamba yetu wenyewe yakaota majani. Ila kilichonishangaza ni lile neno. Neno tulilolitamka tangu kuamka mpaka kulala likawa la kunong'onezwa. Mtu akiomba maji ya kunywa alitazama kwanza nyuma yake.

Walimfuata na mjomba. Akawaambia kwamba maji yeye huyapima, hayanywi kwa ajili ya bunduki. Wakamwita mtu wa Mdachi, wakamtemea mate mlangoni. Nilipata habari hizo, nikaona fahari kwamba mjomba wangu anajibu kama mtu wa elimu.

Kisha pamba ikang'olewa, watu wakauawa, na askari wakatapakaa nchi nzima. Mjomba walimkamata njiani karibu na Mkongo, akienda kwenye mahindi yake ya mlau, jembe begani na mkuki wa kufukuzia nguruwe mkononi. Kila waliyemkamata walimkata hirizi na kuzipasua, kutafuta dawa. Mbili za mjomba zilikuwa na aya za Kurani. Ya tatu ilikuwa na karatasi yangu.

Mtu wa mtumbwi ndiye aliyeniletea habari. Nikaondoka na kanzu niliyoivaa na daftari langu kwapani. Siku mbili nilipiga kasia kwenda bomani, na njia nzima nilikuwa napanga maneno. Sikuwa na hofu kubwa. Nilijua kwamba bwana wa mikoko amekimbilia huko kwa usalama wake, na nilijua kwamba neno lake moja linatosha. Angesema tu, ni kweli, mtu huyu hupima mto, na hii ni habari ya mafuriko. Mjomba angefunguliwa kamba tukarudi nyumbani.

Uani kwa boma palikuwa na watu wengi wamefungwa, wamekaa juani. Nilimtafuta kwa urefu wake. Alikuwa ameinama, na mdomo wake ulikuwa umevimba. Askari mmoja wa pwani akaniruhusu nichuchumae naye kidogo.

Akanieleza yaliyompata. Walimuuliza karatasi hii ni ya nini, na yeye akajibu kwamba ni habari ya maji. Walimuuliza yeye ni nani. Akajibu, mimi ndiye mtazama maji wa Mkongo. Aliyasema hayo kwa fahari, kwa kuwa alidhani Wadachi hupenda mambo haya, si ndio wenye makopo na vioo. Alipoona wanaandika kwa haraka alifurahi. Ilikuwa baadaye, alipopigwa, ndipo alipoanza kuelewa kwamba wao na yeye walikuwa wakitaja neno moja na vitu viwili.

“Mjomba,” akaniambia, “usiseme umeandika wewe.”

Nikaenda moja kwa moja nikasema nimeandika mimi. Bwana wa boma alikuwa amekaa nyuma ya meza, karatasi yangu mbele yake, imekunjamana kwa jasho la mkono wa mjomba. Mkalimani alikuwa mtu wa pwani, mwenye kilemba, na aliogopa kuliko mimi. Nilieleza nguzo, alama tatu, siku tatu, mbegu, kuku, khatibu. Mkalimani akanikatiza akaniuliza ni maji gani. Nikasema maji ya mto. Akanitazama kwa huruma, akasema hata ile dawa inasemwa inatoka mtoni. Nikasema yamepanda maana yake yamepanda, yameongezeka kimo. Bwana wa boma akamfanya anitafsirie kwamba sasa ni kiangazi, mto uko chini, sasa kilichopanda ni nini. Nikasema karatasi ni ya masika iliyopita. Akauliza kwa nini basi mtu aivae mpaka leo. Ningemwelezaje mtu yule kwamba mjomba aliivaa kwa sababu ndiyo karatasi pekee aliyoijua maana yake?

Nikafungua daftari langu. Yeye hakuzisoma herufi zetu, mkalimani ndiye aliyeinama akasoma, na juu ya kila ukurasa palikuwa na neno lilelile, maji, maji, maji, na chini yake tarakimu, na pembeni majina ya vijiji nilikopima. Nilimwona mkalimani rangi ikimtoka. Alisoma kile kilichokuwepo. Kwa mtu aliyekuwa akitafuta orodha ya waliopewa dawa, ile ilikuwa orodha.

Ndipo nikaomba aitwe bwana wa mikoko, na akaitwa. Aliingia na kofia mkononi, amekonda. Akaniona, akaliona daftari mezani. Yeye peke yake katika chumba kile alijua kila tarakimu iliyokuwemo, kwani alikuwa amezinakili zote. Nilimtazama usoni na sikuomba kwa maneno, niliomba kwa macho. Nadhani alikuwa akifikiria zile barua zake za kila mwezi, na wale waliozisoma huko kwao wakamsifu. Au labda aliogopa tu. Sijui, na nimechoka kumtafutia sababu.

“Huyu ni boi wangu,” akasema, kwa Kiswahili. “Hubeba sanduku. Kusoma vyombo hawezi.”

Nikasema nipeni kalamu. Nikasema nitaandika maneno yaleyale hapa hapa mezani, mlinganishe mwandiko. Bwana wa boma alikuwa na kalamu tatu mbele yake. Akasema watu wote wa chuoni wana mwandiko mmoja, na kwamba mtu mwenye akili ya kujua mto siku tatu kabla habebi mzigo kichwani. Akaongeza, na mkalimani akanitafsiria kwa upole, kwamba ananihurumia kwa kuwa nimedanganya ili kumwokoa ndugu yangu, ataniacha niende zangu. Daftari akanirudishia. Kwake sasa halikuwa orodha tena, lilikuwa la mpumbavu anayemwiga bwana wake, halikuwa na maana.

Basi hivyo ndivyo nilivyopona. Niliponea palepale alipoangamia mjomba, kwa sababu hakuna aliyeamini kwamba mtu kama mimi anaweza kuwa ameandika kile nilichoandika. Watu hunipongeza siku hizi, wananiambia nimeshinda dharau za Wazungu. Wanaposema hivyo mimi hutazama chini.

Walimnyonga asubuhi, pamoja na wengine. Nilikuwepo. Nitasema jambo moja tu, kwamba juu ya kiwiko chake palikuwa na mstari wa ngozi nyeupe kidogo, pale hirizi zilipokuwa, na mimi niliutazama mstari ule kwa sababu sikuweza kutazama mahali pengine.

Mama hakuniuliza kitu. Nilimweleza mwenyewe, naye akasikiliza mpaka mwisho akaingia ndani, na kwa muda mrefu alinipakulia chakula bila kukaa nami. Maparoni wale wa mikono miwili wakawa wananipita mbali. Nilisikia mtu akisema nyuma yangu, karatasi yake ndiyo iliyomla mjomba wake. Alisema kweli, na nisingeweza kugombana naye.

Nililitupa kopo la mvua kichakani. Niliapa sitapima tena. Kisha njaa ikaja, kwani askari walichoma maghala na mashamba, watu wakachimba ming'oko, mizizi ya porini, na wazee na watoto wakafa majumbani kimyakimya. Bwana wa mikoko akarudi kituoni kwake akaniita. Nikaenda. Ningeweza kusema nilikwenda kwa sababu ya njaa, na mtu angeniamini, lakini sababu yangu ilikuwa hasira. Nilitaka kuujua mto ule mpaka asiwepo mtu yeyote, wa Ulaya au wa hapa, atakayeweza tena kuniambia siujui. Nilikwenda kichakani nikalitafuta kopo, nikalinyoosha lilipobonyea, nikaanza ukurasa mpya. Juu yake nikaandika kimo.

Kuhusu siku ile yule bwana hakunena hata neno moja mpaka alipoondoka nchini. Ila alinipa kioo kimoja cha kupimia joto, cha zamani, kiwe changu. Nikakipokea. Kiko kashani mpaka leo, na kinanitia aibu kila ninapofungua kifuniko, lakini kinasoma sawasawa na sijakitupa.

Masika ikafika, ya kwanza tangu vita. Siku moja mtu wa mtumbwi nisiyemjua akafika Maparoni, akauliza nyumba ya karani wa mvua. Akanipa ukindu. Ulikuwa na mafundo matatu. Alisema kapewa na mwanamke mmoja wa Mkongo, hakuambiwa ni wa nini, kaambiwa tu aufikishe upesi. Nilikaa nao mkononi. Nilijua ni nani, na sikuamini.

Nilipaswa kuwaambia watu, na sikuwa na neno la kuwaambia. Karatasi sikuthubutu kuandika. Nikazunguka kwa mguu na kwa mtumbwi, shamba kwa shamba, dungu kwa dungu, nikisema mto umepanda, mto unakuja. Nilisema mto. Wengine walinifungia mlango wakiniona tu. Mzee mmoja aliniambia nimwache afe na yake. Wengine walinisikiliza, labda kwa kuwa walikumbuka ile masika nyingine, wakapandisha kile kidogo kilichobaki, na mwaka ule konzi ya mbegu ilikuwa roho ya mtu. Siku ya tatu, alasiri, mto ukaingia mashambani.

Ulipopungua nikaenda Mkongo. Mkaza mjomba, mjane wake marehemu, nilimkuta nje ya nyumba akimenya ming'oko. Alikuwa amekwisha, mifupa na macho. Nilikuwa sijamwona tangu kabla ya vita kwa sababu niliogopa kumwona. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akanisogezea kigoda. Nilitaka kuomba radhi. Nikamuuliza tu kwa nini aliendelea kwenda kwenye nguzo.

“Nilitaka kujua kama ni kweli,” akasema. “Wasije wakawa wamemwua kwa jambo la uongo.”

Aliweka kisu chini.

“Zilikuwa siku ngapi?”

“Tatu, mama.”

Akaitikia kwa kichwa mara kadhaa. Nilianza kulia na yeye hakunizuia wala hakunifariji, alingoja tu mpaka nimalize. Kisha akaniongoza mpaka mtoni. Nguzo ilikuwa imesimama wima, majani kuizunguka yamefyekwa, na alama ya tatu, iliyokuwa imeanza kulika, ilikuwa imechongwa upya kwa kisu cha jikoni. Alama nyingine mbili hakuzigusa. Alisimama pale, mkono wake juu ya nguzo, akautazama mto.

“Maji yanashuka,” akaniambia. “Kesho nitakutumia fundo moja.”

Alilitamka neno lile kwa sauti yake ya kawaida, hadharani, mchana, kama wanavyolitamka watu wote. Nami nilitoa daftari langu, nikaandika tarehe ya kesho, nikaandika fundo moja, na juu ya safu, pale neno lilipotakiwa, mkono wangu ukaandika kimo.